Ukitaka 1911 ya Kisasa: Kutoka Dukani Hadi Uwanja wa Shabaha

Zipo bastola zinazobeba risasi nyingi kuliko 1911, ile bastola ya zamani ya jeshi la Marekani, zipo nyepesi zaidi, na zipo za bei nafuu zaidi. Hata hivyo ingia duka lolote kubwa la silaha Marekani, liwe Texas au Minnesota, utakuta kabati zima limejaa 1911 tu. Mswahili aliyehamia huko akishaonja mchezo wa shabaha, haichukui muda atasimama mbele ya kabati hilo akijiuliza aanzie wapi. Mwongozo huu ni wake.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usipoteze muda kama hukubaliani nao: nunua ya ukubwa kamili, ya kawaida, isiyo na mapambo, halafu pesa iliyobaki itie kwenye magazini (visanduku vya risasi vinavyoingia ndani ya mpini) na risasi.

Ujue kwanza unanunua nini

Aliyeibuni ni John Moses Browning, fundi wa Ogden, Utah. Jeshi la Marekani liliipitisha tarehe 29 Machi 1911, na jina likatokana na mwaka huo. Kabla ya kuipitisha walifyatua risasi 6,000 kwenye bastola moja; ikipata moto kupita kiasi wanaitumbukiza kwenye maji, kisha kazi inaendelea. Ilibaki bastola rasmi ya jeshi hadi 1985, Beretta ilipochukua nafasi yake. Risasi yake nene ya .45 (ni upana wake kwa inchi) ilitokana na vita vya Ufilipino, ambako askari walilalamika kwamba bastola zao za .38 hazimsimamishi adui. Leo mambo yamegeuka: 1911 nyingi za bei nafuu zinazouzwa Marekani zinatoka hukohuko Ufilipino, kiwanda cha Armscor kilichoko Marikina, chini ya chapa ya Rock Island Armory.

Namna inavyofanya kazi haijabadilika. Triga yake ina kazi moja tu, kuangusha nyundo. Usipoikoki, yaani usipoivuta nyundo nyuma kwanza, haifyatuki. Ina sefti (vizuizi vya usalama) mbili: ya kwanza ni kijiwiko cha pembeni unachokipandisha na kukishusha kwa kidole gumba, ya pili iko nyuma ya mpini na hujibonyeza yenyewe ukishika bastola sawasawa. Triga nayo haizunguki kama za bastola nyingine, inateleza moja kwa moja kurudi nyuma, safari fupi, kisha inakatika safi. Hiyo triga ndiyo inayowafanya watu waing'ang'anie bastola ya zaidi ya miaka mia.

Za kisasa zimeboreshwa pale palipouma. Vilengeo vya zamani vilikuwa vidogo mno kwa macho ya kawaida, sasa ni vikubwa na vinaonekana. Dirisha la kutolea maganda limeshushwa ili ganda litoke bila kupinda. Juu ya mpini kumeongezwa ulimi mrefu unaokinga ile ngozi iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada. Aliyewahi kutumia ya zamani akiwa na kiganja kinene anajua nyundo ilivyokuwa inabana hapo hadi damu. Pia, kwa kuwa ya zamani ikianguka kwa mdomo wa mtutu ilikuwa na uwezekano wa kufyatuka, Colt, kampuni iliyoitengeneza tangu mwanzo, waliongeza kizuizi cha pini (kijichuma kinachogonga risasi) mwaka 1983 katika zile za Series 80. Springfield Armory, kampuni nyingine ya 1911, wao hutumia pini nyepesi ya titani yenye springi nzito. Njia zote mbili zinafaa, na ugomvi wa mtandaoni kuhusu ipi inaharibu triga nakushauri uupite.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya pesa

Hapa ndipo mhamiaji anaweza kuharibu maisha yake kwa jambo dogo, kwa hiyo soma taratibu.

Kwa muuzaji mwenye leseni, sheria ya shirikisho inataka uwe na miaka 21 ndipo ununue bastola. Raia na mwenye grini kadi wanaruhusiwa. Mwenye viza ya muda, iwe ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kuwa na silaha wala risasi, hata ile ya kukodi pale uwanjani kwa nusu saa. Kuna misamaha michache, kama kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo, lakini usiitegemee kwa maneno ya rafiki. Muulize wakili wa uhamiaji. Asiye na hati za kuishi nchini haruhusiwi kabisa.

Dukani utajaza fomu 4473, kisha muuzaji atawasiliana na FBI, au na ofisi ya jimbo katika baadhi ya majimbo, kukukagua. Mwenye grini kadi ataandika ile namba ya A iliyo kwenye kadi yake. Angalia vizuri kisanduku cha uraia: kama bado hujaapa, usitie alama kwamba wewe ni raia wa Marekani. Kudai uraia usio wako ni kosa linaloweza kukufukuzisha nchini, na hakuna afisa atakayejali kwamba ulikuwa na haraka. Fomu inauliza pia kuhusu bangi, na inasema wazi kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi sheria ya shirikisho.

Kumnunulia binamu kwa jina lako kwa sababu yeye hawezi kupita ukaguzi ni jinai. Hakuna "nisaidie tu kaka" hapo.

Kisha kuna sheria za jimbo. Texas haidai kibali cha kununulia. Minnesota inadai, na unakiomba polisi au kwa sherifu wa unakoishi. Illinois ina kadi yake ya mmiliki wa silaha, iitwayo FOID. California ina orodha ya bastola zinazoruhusiwa kuuzwa dukani na siku 10 za kusubiri, kwa hiyo 1911 uliyoipenda kwenye video huenda haipo kwenye orodha.

Kwa msomaji aliyeko nyumbani njia ni nyingine kabisa. Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Bodi ya Leseni za Silaha. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na mlango wa kuanzia ni polisi.

Hatua ya 2: Kuchagua

Kodi kwanza. Viwanja vingi vya ndani hukodisha 1911, na nusu saa na bastola mkononi itakufundisha zaidi ya mwezi mzima wa kusoma maoni ya watu.

Ukubwa: kuna yenye mtutu wa inchi 5, ndiyo ya asili, kuna ya inchi 4.25 iitwayo Commander, na kuna fupi za inchi 3.5 zilizofuata ile Officer's ya Colt. Kwa ya kwanza chukua ya inchi 5. Bastola hii ilibuniwa kwa urefu huo, na kadiri unavyoifupisha ndivyo slaidi (chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele) inavyokimbia na springi inavyochoka upesi. Fupi zinaweza kufanya kazi vizuri, ila zinachagua risasi na zinadai uangalizi ambao mgeni hana.

Risasi: .45 au milimita 9? Ya .45 ina kichwa cha takriban gramu 15 kinachoenda polepole, chini ya mwendo wa sauti, na teke lake ni la kusukuma zaidi kuliko la kuchoma. Ya milimita 9 ina teke dogo na risasi zake hugharimu karibu nusu ya bei. Kama lengo ni kujifunza kulenga na mfuko haujanona, chukua ya milimita 9 bila aibu. Kama unataka bastola aliyoibuni Browning, basi ni .45. Mimi ningechukua .45, na huo ni moyo unaosema, wala si hesabu.

Bei: Rock Island na Tisas ya Uturuki ziko kwenye dola 400 hadi 600 hivi. Colt na Springfield za kati zinakaribia au kuvuka kidogo dola 1,000. Wilson Combat na wenzake, wanaozitengeneza kwa mkono, ni zaidi ya dola 3,000. Tofauti ya kundi la kwanza na la pili ni umaliziaji, vilengeo na ulaini wa triga. Tofauti ya la pili na la tatu mchezaji wa mwaka wa kwanza hataiona kwenye karatasi ya shabaha.

Ukiwa mbele ya kabati, omba muuzaji akuoneshe kuwa chemba (mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu) iko tupu, kisha jioneshe mwenyewe kwa macho. Pandisha na kushusha sefti. Inapaswa kugonga wazi, isilegee. Shika mpini kwa nguvu ya kawaida uone kama sefti ya nyuma inabonyea kila mara. Wenye viganja vyembamba wakati mwingine huacha mwanya hapo, na siku ya mashindano triga inagoma. Na tafadhali, usiachie slaidi ijipige yenyewe mbele juu ya chemba tupu. Inaumiza zile sehemu ndogo zinazoshikilia nyundo, na wauzaji wanakuchukia kimyakimya.

Hatua ya 3: Magazini na risasi

1911 ikikwama, mshtaki magazini kwanza. Ile inayokuja kwenye boksi mara nyingi ndiyo kitu cha bei rahisi kuliko vyote mle ndani. Nunua nne au tano nzuri, za kampuni kama Wilson Combat au Chip McCormick, kisha ziandike namba chini kwa rangi: 1, 2, 3. Bastola ikikwama mara mbili na magazini namba 3, umeshampata mhalifu bila kumlipa fundi.

Risasi za mwanzo ziwe za kichwa cha mviringo kilichofunikwa shaba, grein 230, ndizo zile gramu 15. Ndizo bastola hii ilizaliwa nazo. Piga kati ya 200 na 500 za aina hiyo kabla hujaihukumu. Nyingine hutoka kiwandani zimebana na zinahitaji kuzoea. Za ncha yenye tundu zijaribu baadaye.

Ongeza vikinga masikio, miwani ya plastiki ngumu, na risasi bandia chache za plastiki au alumini. Hizi za mwisho wengi huziruka, na ndizo zitakazokusaidia kuliko kifaa chochote cha kufunga kwenye bastola.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza uwanjani

Vaa viatu vya kufunika na shati lisilo wazi shingoni. Ganda la moto likiingia kifuani utaruka, na mtu anayeruka akiwa na bastola mkononi ni hatari kwa kila aliye jirani.

Kanuni nne, alizozipanga na kuzieneza Jeff Cooper, mwalimu wa Arizona, hazina majadiliano. Kila bastola ichukulie ina risasi. Usiielekeze kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole nje ya triga hadi vilengeo viwe kwenye shabaha. Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake.

Weka karatasi kwenye meta 6 au 7. Shika mpini juu kabisa, ulimi ule ukikaa kwenye ngozi ya mkono. Gumba la mkono wa kulia lipande juu ya kijiwiko cha sefti na likae hapohapo muda wote unapopiga. Wengi huliweka chini yake, kisha teke linapokuja gumba linakisukuma juu na bastola inajifunga katikati ya mchezo. Mkono wa kushoto uzibe nafasi iliyobaki upande wa pili, na huo ndio ushike kwa nguvu zaidi.

Mara ya kwanza jaza risasi moja tu kwenye magazini. Slaidi ikiwa imefungwa nyuma, ingiza magazini, elekeza mbele, achia slaidi ichukue risasi yenyewe. Kamwe usitie risasi kwa mkono ndani ya chemba kisha uachie slaidi juu yake: ile ndoana ya kutolea ganda kwenye bastola hii hulazimika kupanda juu ya kingo la risasi, na ukiendelea hivyo itapoteza mkazo au kuvunjika.

Tazama kilengeo cha mbele, siyo karatasi. Karatasi iwe na ukungu kidogo. Bonyeza triga moja kwa moja nyuma, polepole, mpaka ikatike bila wewe kuitabiri. Ikienda vizuri jaza mbili, kisha tano.

Ukiona risasi zako zinajikusanya chini kushoto, na wewe ni wa mkono wa kulia, usisogeze vilengeo. Unaichapa triga na kuinamisha mkono kabla ya mlio. Mwombe mwenzako akujazie magazini akichanganya risasi bandia bila kukuonesha. Ikifika ya bandia, nyundo italia "tak" na utaona mdomo wa mtutu ukizama wenyewe. Kwenye .45 unazama kama kichwa cha mtu anayesinzia. Rudia zoezi hilo hadi mtutu utulie.

Ukisikia mlio hafifu, "pof" badala ya kishindo, simama hapohapo. Huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na risasi inayofuata itaupasua. Toa magazini, toa risasi, hakikisha njia iko wazi kabla ya kitu kingine. Ukibonyeza na kusikia nyundo tu wakati risasi ni halisi, shikilia bastola imeelekea mbele kwa sekunde 30 ndipo uitoe.

Kumaliza: magazini nje kwanza, shusha sefti (ikiwa juu slaidi haivutiki), vuta slaidi, tazama chemba, ingiza na kidole. Usijaribu kushusha nyundo kwa gumba juu ya risasi iliyo chembani. Gumba likiteleza, bastola inafyatuka.

Kisha nawa mikono kwa maji baridi na sabuni kabla hujala au kumbeba mtoto. Moshi wa uwanja una madini ya risasi (lead), na nguo ulizovaa zifue peke yake.

Hatua ya 5: Kuifungua na kuisafisha

Maelezo haya ni kwa ile yenye bushi (pete inayoshika mdomo wa mtutu) mbele na fimbo fupi ya springi. Zenye fimbo ndefu au mtutu mnene usio na bushi zina utaratibu wake kwenye kijitabu.

Vaa miwani, hata mezani kwako. Magazini nje, chemba tupu, risasi zote ziwe chumba kingine. Chini ya mtutu kuna kizibo cha springi. Kibonyeze ndani kwa gumba, na kwa mkono mwingine zungusha bushi robo mzunguko, kwa mwendo wa saa kama ungekuwa unaitazama bastola kwa mbele. Sasa acha kizibo kitoke pole pole chini ya kiganja. Springi ya .45 ya ukubwa kamili ina mkazo wa ratili 16, na ukikiachia kizibo kitaruka hadi dari, au jichoni.

Vuta slaidi nyuma mpaka kile kijikato kidogo cha pembeni kikae juu ya ncha ya nyuma ya kizuizi cha slaidi (kijiwiko cha juu ya triga kinachoishika slaidi ikiwa nyuma). Sukuma pini yake kutoka kulia, itokeze kushoto, uivute. Geuza bastola juu chini, na slaidi, mtutu na springi vitateleza mbele kwa pamoja. Toa springi na fimbo yake, zungusha bushi upande wa pili uitoe, laza kile kiungo kidogo cha chini ya mtutu kielekee mbele, vuta mtutu nje.

Piga brashi mtutu kuanzia upande wa chemba. Futa masizi kwenye reli (mifereji ambayo slaidi hutelezea) na kwenye mteremko wa kupandia risasi. Mafuta: tone moja moja kwenye reli, nje ya mtutu pale unaposugua bushi, na kwenye mikato ya juu ya mtutu. 1911 hupenda mafuta kuliko bastola za plastiki, ila isiwe inachuruzika.

Kurudisha ni kinyume chake, na hapa kuna mtego mmoja. Ukirudisha kizuizi cha slaidi, usikiburuze kwa nguvu kupanda kwenye fremu (mwili wa chini wa bastola). Kitachora mkwaruzo wa upinde upande wa kushoto, alama ambayo kila mjuzi akiiona anacheka. Kilete kikiwa sambamba, bonyeza kile kipini kidogo cha springi kwa ncha ya plastiki, kisha sukuma moja kwa moja ndani.

Kabla hujarudisha risasi nyumbani kwake, jaribu bastola ikiwa tupu. Koki, pandisha sefti, bonyeza triga: nyundo isianguke. Shusha sefti: isianguke yenyewe. Shika bila kubonyeza sefti ya nyuma, vuta triga: isianguke. Rudisha slaidi nyuma kidogo, kama milimita 6, uishikilie hapo, vuta triga: isianguke. Achia vyote, shika sawasawa, vuta: sasa ianguke. Moja ikishindwa, ni kwa fundi, hakuna kupeleka uwanjani.

Springi ya slaidi, ile yenye kizibo, badilisha kila risasi 3,000 hadi 5,000. Ni dola chache tu.

Hatua ya 6: Kuihifadhi na kuhama nayo

Nyumbani iwe ndani ya sefu iliyofungwa, tupu, risasi zikiwa mahali pengine, hasa kama kuna watoto au wageni wanaolala sebuleni. Majimbo mengi yanamshtaki mwenye silaha mtoto akiifikia.

Kwa ndege za ndani ya Marekani, bastola iwe tupu, kwenye kasha gumu lililofungwa, ndani ya mzigo unaokabidhiwa, na utangaze kaunta ya shirika. Ukisahau ikapita kwenye begi la mkononi, utakutana na polisi. Kibali cha kubeba cha jimbo moja hakikulindi katika jimbo lisilokitambua. Kabla ya kuvuka mpaka kwa gari, soma sheria za kila jimbo utakalopita.

Na ukiamua kurudi nyumbani kwa kudumu, bastola haiingii kwenye pipa la mizigo pamoja na viatu na televisheni. Kusafirisha silaha, sehemu zake au hata boksi la risasi nje ya Marekani bila leseni ni jinai huku, na kuiingiza Mombasa au Dar es Salaam bila kibali ni jinai kule. Ipeleke kwa muuzaji mwenye leseni akununulie au akuuzie kwa kamisheni, chukua risiti yenye namba ya bastola, na uitunze risiti hiyo.